Swichi Niliyoificha

Kwa miaka tisa niliosha magari ya watu wengine. Nilikuwa Ghuba, Uarabuni, kwenye gereji iliyochimbwa chini ya jumba refu, na kazi yangu ilikuwa kupangusa vumbi kwenye magari ya spoti ya wapangaji wa juu. Ndani ya magari hayo sikuruhusiwa kukaa. Gari likihitaji kusogezwa, aliitwa dereva mwenye kibali. Mimi nilikuwa mtu wa ndoo na kitambaa. Niliporudi Isiolo nilifungua duka la dawa za mifugo, duka likasimama imara, na mwaka wa tatu nikafanya jambo ambalo sikumwambia mtu mpaka lilipokwisha: nilishuka Mombasa nikanunua gari la spoti lililotumika Japani, la milango miwili, la buluu, chini sana.

Nilipoingia nalo mtaani kwetu Bulla Pesa, tumbo la gari lilikwaruza kila tuta. Mama yangu, ambaye nyumba yetu nzima tulimwita Ayyo, alitoka nje na fimbo yake akalizunguka mara mbili.

"Hii ni gari ama ni kitanda?" aliuliza. "Mtu anaingia vipi?"

Nilimsaidia kuingia. Alikuwa mwanamke mrefu, ameuza maziwa ya ngamia sokoni mpaka magoti yakamshinda, na magoti hayo yalimgonga kwenye dashibodi. Alicheka mpaka akatoka machozi. Mke wangu alisimama pembeni amekunja mikono. Yeye ni mwalimu wa chekechea, mtu wa maneno machache. "Ni zuri," alisema. Kisha akaongeza, "Usiku litalala wapi?"

Swali hilo lilikuwa la kawaida. Mimi ndiye niliyeligeuza kuwa ugonjwa.

Mwanzo nilikuwa nalifunika turubai tu. Halafu mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa pili akaibiwa gari lake Ijumaa mchana, sisi sote tukiwa msikitini. Alitoka baada ya swala akakuta nafasi tupu na alama ya mafuta chini. Watu walisema limepelekwa Moyale, kwa sababu siku hizi lami ni moja kwa moja na mtu akiondoka saa saba mchana jioni yuko mpakani. Wengine walisema limekatwakatwa Nairobi. Alilitafuta miezi mitatu akachoka. Nilimwona siku moja akipita mbele ya duka langu kwa miguu, na badala ya kumhurumia, nilishika mfuko kuona kama funguo zangu zipo.

Kuanzia hapo niliinua ukuta wa ua. Nikabadilisha geti la mabati, nikaweka la chuma. Nikanunua chuma cha kufunga usukani. Nikaweka king'ora, ambacho kililia kila mbuzi wa jirani alipojikuna kwenye bampa na kila upepo ulipovuma kutoka upande wa Leparua, mpaka watoto wangu wawili wakajifunza kukiigiza. Nilikuwa ninainuka kutoka kwenye chakula nikaangalie. Niliacha wateja dukani nikaja nyumbani mara mbili kwa siku, nikigusa mlango wa gari, nikirudi.

Hatimaye nililipeleka Nairobi kwa fundi ambaye hanijui wala simjui, aniwekee swichi ya siri. Alikata waya wa pampu ya mafuta, akaupitisha chini ya zulia upande wa abiria, akaificha swichi nyuma ya kipande cha plastiki, mahali ambapo mkono unafika tu ukijua unapotafuta. Swichi ikizimwa, injini inazunguka lakini haiwaki. Mwizi atadhani gari ni bovu ataliacha.

"Usimwambie mtu," fundi alinishauri. "Siri ya watu wawili si siri tena."

Nilimtii kuliko nilivyowahi kumtii imamu. Sikumwambia hata mke wangu.

Yeye alikuwa na leseni, na mara nne hivi nilimwacha aliendeshe mpaka kwenye lami ya uwanja wa ndege na kurudi. Kila mara nilitangulia kuingia upande wa abiria, nikainama kana kwamba narekebisha kiatu, nikabonyeza, ndipo nikamwambia awashe. Hakuniuliza kwa nini ninafunga kamba za kiatu kisicho na kamba. Sasa ninadhani aliona. Wakati ule nilijisifu kwa ujanja wangu.

Sasa nieleze habari za jirani.

Ukuta wetu wa kushoto tulishirikiana na mtu mmoja Mturkana, fundi wa umeme wa magari. Alifanya kazi barabarani, chini ya kibanda cha mabati mbele ya nyumba yake, akitengeneza taa na betri za lori za mifugo. Alikuwa mpole, mwenye kikohozi, na kila Jumapili alikwenda kanisani na mke wake wamevaa nguo za rangi moja. Ayyo alimpenda. Alikuwa akimpelekea chai ya maziwa kibandani na kukaa naye wakibishana kuhusu ngamia, yeye kwa Kiswahili chake cha Kiborana na fundi kwa Kiswahili chake cha Kiturkana, kila mmoja akimsahihisha mwenzake.

Mimi niliona kitu kimoja tu: huyu ni mtu anayejua kuwasha gari bila funguo.

Siku moja alasiri nilirudi ghafla kama kawaida yangu, nikamkuta ndani ya ua wangu ameinama mbele ya gari, mkono mmoja kwenye boneti. Turubai lilikuwa limeinuliwa. Damu ilinipanda kichwani.

"Unatafuta nini hapo?"

Aliinuka taratibu. "Habari ya mchana, jirani. Kuna kitu inavuja huku chini. Nimeona maji kidogo chini ya ukuta nikasema niangalie kabla—"

"Nani amekuita?"

"Mama alinifungulia."

Nje ya geti palikuwa na wateja wake, madereva wawili wa lori, na mke wake alikuwa anaanika nguo. Wote waligeuka. Ningeweza kushusha sauti. Sikuishusha.

"Sikia. Usiwahi kugusa gari yangu tena. Na siku ikipotea, mimi najua pa kuanzia."

Alijipangusa mikono kwenye ovaroli, akawaangalia wale madereva, akaniangalia mimi. "Sawa, jirani," alisema. "Nimesikia." Akatoka. Nilipoinama kuangalia, kulikuwa na maji yanadondoka kwenye mpira wa rejeta, tone moja moja.

Ayyo alinisubiri mlangoni. Hakunifokea, na hilo lilinitisha zaidi. "Mimi ndiye nilimfungulia," alisema. "Basi mwizi ni mimi." Kwa siku mbili hakuongea nami. Chai ya fundi aliendelea kuipeleka, lakini fundi hakuwahi kuvuka tena geti letu, na mke wake akaanza kupita njia ya nyuma.

Miezi miwili hivi ilipita. Siku ya mnada wa Oldonyiro niliondoka alfajiri na gari la kukodi, nimebeba dawa za kupe na za minyoo, kwa sababu siku ya mnada mtu anaweza kuuza zaidi pale kuliko wiki nzima ya dukani. Kabla ya kuondoka nilifunga chuma cha usukani, nikakagua turubai, nikazima swichi. Funguo, ule wa gari na ule wa usukani, nilimwachia mke wangu kwenye sanduku la chuma ndani ya kabati. Nilijiona nimemwachia kila kitu.

Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Nilikuwa katikati ya vumbi na mbuzi, ninamweleza mzee mmoja kipimo cha dawa, simu ikalia. Shule zilikuwa zimefungwa na mke wangu alikuwa nyumbani.

"Ayyo ameanguka," alisema. "Mdomo umeenda upande. Hawezi kushika kikombe."

"Mpeleke hospitali. Chukua gari."

"Tayari tuko ndani ya gari. Haiwaki. Inazunguka tu."

Nilijua kosa liko wapi kabla hajamaliza kusema. Maneno yalikuwa mdomoni: inua zulia, upande wa abiria, nyuma ya plastiki. Yalikuwa maneno machache tu. Na badala ya kuyasema, nikasikia nyuma yake kikohozi ninachokijua.

"Nani yuko hapo na wewe?"

"Nini?"

"Hapo karibu na gari. Nani yuko hapo?"

"Ni jirani. Amenisaidia kumbeba. Gari haiwaki, baba watoto!"

Nikasema, "Mwambie kwanza atoke nje ya geti. Halafu nitakuambia."

Upande wa pili kukawa kimya. Nilidhani mtandao umekatika. Nilisema "Haloo? Haloo?" na nikasikia pumzi ya mama yangu, nzito, yenye mkoromo, karibu sana. Ndipo nikaelewa kwamba simu ilikuwa kwenye spika, imewekwa juu ya dashibodi, kwa sababu mke wangu alikuwa ameshika kichwa cha mama kwa mikono miwili. Wote walikuwa wamenisikia. Fundi alikuwa amenisikia.

Nilisikia geti la chuma likifunguliwa, kisha likafungwa.

"Ametoka," mke wangu alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa kama sauti ya mtu anayesoma barua ya ofisini. "Sasa sema."

Nikasema. Lakini mama alikuwa amekalishwa kwenye kile kile kiti cha abiria, kimelazwa nyuma, na miguu yake mirefu ilikuwa imekanyaga zulia. Mke wangu alijaribu kuingiza mkono. "Sioni. Hapa ni nyaya tu. Ni gani?" Nikamwambia apeleke mkono kushoto zaidi, nyuma ya plastiki. Akasema plastiki haitoki. Nikamwambia aivute kwa nguvu. Mtandao ukakatika kweli. Nilipiga tena na tena, nikapanda juu ya gari la kukodi nikainua simu kama mtu anayeomba mvua, na yule mzee wa mbuzi akaniuliza kama nimefiwa.

Yaliyotokea baadaye niliambiwa na mke wangu, si siku ile, bali baada ya siku nyingi, kidogo kidogo. Fundi alipotoka getini hakwenda kwenye kibanda chake. Alikimbia mpaka barabarani na kikohozi chake, akasimama katikati, akaisimamisha pikapu ya mtu anayeuza nyasi kavu. Wakashusha marobota yote palepale kando ya barabara. Akarudi nayo kinyumenyume mpaka getini, akagonga, akasubiri kufunguliwa. Mke wangu anasema alisubiri kabisa. Geti halikuwa limefungwa kwa kufuli, lakini hakulisukuma. Kisha wakamtoa mama kwenye gari la buluu wakamlaza kwenye mabaki ya nyasi, fundi akakaa nyuma amemshika, na hivyo ndivyo alivyofika hospitali.

Njia ya kutoka Oldonyiro ni ndefu hata siku ya furaha. Siku hiyo dereva aliendesha na mimi nilifanya hesabu moja tu: tangu mke wangu alipowasha mara ya kwanza mpaka pikapu ilipofika, ni muda gani? Nusu saa? Zaidi? Nilifika hospitali alasiri. Mama alikuwa amelala chali, upande wa kulia umekufa, jicho moja linanifuata. Alifungua mdomo. Sauti iliyotoka haikuwa neno.

Daktari aliniambia ni kiharusi, na kwamba ugonjwa huo mgonjwa akiwahishwa mapema ni afadhali. Nikamwuliza kama angefika nusu saa mapema ingekuwaje.

"Siwezi kukuambia," alisema. "Labda ingekuwa vilevile. Labda isingekuwa."

Nilitaka aseme ndiyo au aseme hapana. Nimewahi kurudi kumwuliza mara mbili, na kila mara amenijibu vilevile, kwa upole uleule.

Jioni ya tatu nilikwenda kwa jirani. Nilingoja giza kidogo, nisionekane. Mke wake alinifungulia, akanionyesha kiti, akaingia jikoni. Fundi alikuwa anakula. Aliendelea kula.

"Nimekuja kukushukuru," nilisema. "Na kuomba msamaha."

"Mama anaendeleaje?"

"Anakula uji. Hasemi."

Aliitikia kwa kichwa. Baadaye akasukuma sahani. "Swichi kama hiyo yako," alisema, "mimi nimetoa nyingi. Zile za pampu. Nikisikia injini inazunguka hivyo, najua. Ningeiruka na waya iwake, dakika mbili."

"Kwa nini hukufanya?"

Niliuliza hivyo kwa ujinga, jibu nikiwa nalo. Aliniangalia bila hasira.

"Ulisema nisiguse. Nilisimama pale nikajiambia, nikigusa hii gari na ikawaka, kesho atasema nini? Nikaogopa. Mama yako amelala pale na mimi naogopa gari. Hiyo ndiyo inanisumbua mimi, jirani. Yako siijui."

Nikarudia kwamba nimemkosea, kwamba ninashukuru sana alivyokimbia.

"Sikukimbia kwa ajili yako," alisema. Kisha, nikiwa nimesimama kuondoka: "Na kitu kingine. Kuniita mwizi, uliniita mbele ya watu. Msamaha umekuja kuniomba ndani, mlango umefungwa."

Alikuwa na haki, na nilijua ninachotakiwa kufanya. Nilichukua karibu mwezi mzima kukifanya. Kila asubuhi nilipita mbele ya kibanda nikiwa nimepanga maneno, nikakuta madereva wamejaa, nikasema "Habari ya asubuhi," nikapita. Mara moja nilijidanganya kwamba yeye mwenyewe amesahau. Kisha siku moja nikarudi kutoka hospitalini, mama akiwa amejaribu kuniita na jina langu likakwama kwenye ulimi, nikaenda moja kwa moja nikasimama kwenye kibanda. Kulikuwa na watu watano au sita. Nilisema kwa sauti kwamba siku ile nilimwita huyu mtu mwizi na hakuwa mwizi, alikuwa amekuja kuniambia gari linavuja, na kwamba mama yangu alifika hospitali kwa mikono yake. Dereva mmoja aliangalia pembeni kwa aibu, aibu yangu.

"Sawa," fundi alisema, na akarudi kwenye waya aliokuwa anamenya.

Sasa tunasalimiana. Mke wake amerudi kupita njia ya mbele. Getini kwangu hajaingia, ila siku tuliyomleta mama nyumbani, alipokuja akamsaidia kushuka na akaondoka kabla ya chai.

Gari nililiuza kwa mtu wa Nanyuki. Nilipomwonyesha swichi alifurahi sana, akaibonyeza mara kadhaa akicheka, akaniuliza nani mwingine anajua ilipo. Nikamwambia mke wangu anajua, na jirani anajua. Akasema basi ataihamisha.

Nilidhani likiondoka nitalala. Nililala siku chache.

Mke wangu hakunigombeza hata mara moja. Alifanya yote: kumgeuza mama kitandani, kumnyoosha vidole kama alivyofundishwa kliniki, kumsomesha maneno kwa zile kadi za picha anazotumia chekechea. Mbuzi. Kikombe. Mlango. Mama alikuwa akijaribu, mate yakimtoka, na siku neno "mbuzi" lilipotoka zima walicheka wote wawili, nami nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia sikuweza kuingia.

Jioni moja, miezi mingi baadaye, tulikuwa tumekaa nje baada ya magharibi. Watoto walikuwa wanasoma ndani. Aliniuliza bila kunitazama, "Jirani ulimwogopa kwa sababu anajua magari. Mimi je? Mimi uliniogopa nini?"

Nilimwambia sikumwogopa. Nilimwambia fundi wa Nairobi ndiye aliyesema nisimwambie mtu.

"Fundi wa Nairobi," alisema.

Nilikumbuka gereji ile ya Ghuba, yale magari niliyoyapangusa miaka tisa bila kukaa ndani, nikataka kumweleza kwamba mtu akipata kitu baada ya kungoja hivyo anaogopa hata kivuli chake, lakini nilipoyapanga kichwani nilisikia yalivyo madogo. Basi nikaanza kumtajia vitu. Nikamwambia namba ya siri ya simu yangu. Nikamwambia hati ya kiwanja iko wapi, na ufunguo wa pili wa duka, na kiwanja kidogo cha Kinna nilichonunua ambacho sikuwahi kumtajia. Nilisema kila kitu nilichokuwa nacho, kimoja baada ya kingine, na niliposema ya Kinna aligeuza uso kidogo, kisha akaurudisha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama nimempa mama dawa ya jioni.

Nikasema bado.

Akasimama, akachukua glasi ya maji, akaenda kumpa mwenyewe.